Uliza Fundi: Madigadi mpya imekataa kukaa, nikate?

SWALI: Fundi, salamu kutoka Molo. Nina Landrova ya marehemu baba, Series III, ile ndefu ya 109, pickup. Alikuwa akibebea pareto na viazi mpaka Nakuru na sisi watoto tukiwa nyuma juu ya magunia. Nimeamua kuirudisha ikae vile ilikuwa. Niliagiza madigadi mbili za mbele kutoka Uingereza, sio za zamani zenyewe, ni hizi zinatengenezwa siku hizi kwa mfano wa zile. Ya kushoto imekaa bila shida. Ya kulia imekataa, mashimo yanapishana nusu shimo, na tukiifunga kwa nguvu mwanya wa boneti unaanza mwembamba mbele ukifika karibu na kioo kidole kinaingia, halafu mlango ukifunguliwa unakwaruza ukingo wa madigadi. Fundi wangu anataka kukata na grinda kisha amalizie na puti. Nikubali ama niirudishe? Ile ya zamani bado iko, kuku wanalala chini yake.

JIBU: Dada, mwambie fundi aweke grinda chini leo hii. Na hao kuku wapewe pole kwa nyumba yao, lakini hiyo madigadi ya zamani tunaihitaji kwa kazi kabla ya kitu kingine chochote.

Ioshe, ifunge kwa gari upande wa kulia, bolti nne tano tu za kushikilia, usikaze. Ikikaa vizuri basi kosa liko kwa ile mpya. Lakini ikikataa vilevile, mashimo yapishane, mlango ukwaruze, basi madigadi mpya haina kosa, gari ndio limehama. Mimi kwa jinsi ulivyoeleza, kushoto sawa kulia mbaya na mlango pia unalalamika, naona ni gari. Spea hizi mpya zinalaumiwa sana, zingine kweli zinakuja ovyo, lakini gari lililopanda Mau na mzigo miaka arobaini halina pembe ileile lilitoka nayo kiwandani.

Landrova haijachomelewa bodi kama saluni. Imefungwa kwa bolti kipande kwa kipande, na kipande kinachoamua vingine vikae wapi ni ile balkhedi, ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva. Ndio nguzo ya kati ya nyumba ya msonge. Mlango umening'inia kwake, madigadi imeegemea kwake, kioo kimekaa juu yake. Na balkhedi ni ya chuma, sio alumini kama ngozi ya madigadi, kwa hivyo inaoza, na inaozea palepale chini kwenye miguu yake miwili inapofungwa kwa chasisi, kwa sababu tairi la mbele linarusha tope hapo na tope la Molo halikauki upesi. Chukua bisibisi nene, ingia chini upande wa kulia, kwangua ile tope ngumu uanze kugonga taratibu ule mguu. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinanyamaza na bisibisi inazama. Mguu mmoja ukishaliwa ukuta wote unalala kidogo upande huo, milimita chache tu, lakini milimita hizo zikifika kwa boneti ndio hicho kidole chako.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji hata spana. Fungua mlango wa kulia robo tu, shika upande wa kitasa uuinue juu. Ukicheza kwenye bawaba, bawaba zimekwisha, badilisha hizo kwanza. Kama hauchezi lakini ukiufunga lazima uuinue ndio kufuli ishike, basi balkhedi imelala.

Sasa kazi yenyewe inaanzia nyuma kwenda mbele, na hapo ndipo mafundi wengi wanakosea, wanaanza na kile kinachoonekana. Tengeneza mguu wa balkhedi kwanza, mtu achomelee chuma kipya lakini apime kabla hajachoma, kamba kutoka pembe ya juu kulia ya balkhedi mpaka pembe ya chini kushoto ya ile fremu ya redieta, halafu uvuke upande wa pili, vipimo viwili vilingane. Kisha ning'iniza milango yote miwili na uipatie mwanya sawa. Milango ikikubali, fremu ya redieta, halafu madigadi zote mbili pamoja, halafu boneti juu. Kila kitu kilegee, nati zimeingia kwa vidole tu. Boneti ikishafungwa na mianya ikakupendeza ndio unaanza kukaza, huku kidogo kule kidogo. Rangi usiiwaze saa hii. Nimeona mtu amepiga rangi madigadi mpya nje kwa kivuli, ikang'aa hadi majirani wakaja kuangalia, halafu wakati wa kuifunga ikabidi iingizwe na nyundo. Inauma kuona.

Baada ya hayo yote ukibaki na shimo moja mbili zinazopishana kidogo, hapo ni haki ya kila spea mpya. Vuta shimo na faili ya duara, usitoboe jipya kando, na uweke washa pana juu, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati. Na kama ukingo unahitaji kukunjwa kidogo tafadhali asiugonge ukiwa baridi, alumini ukiipiga inakuwa ngumu na mwisho inapasuka mstari. Chukua sabuni ya kipande, ile ya kufulia, isugue ikiwa kavu pale pa kukunja mpaka ibaki alama nyeupe, halafu pitisha moto wa gesi kwa mbali ukitembeza mkono. Ile alama ikigeuka kahawia kuelekea nyeusi, ondoa moto. Imelainika, iache ipoe, kunja. Sabuni ni ya lazima kwa sababu alumini haiwi nyekundu ikipata moto kama chuma, inakaa vilevile nyeupe halafu ghafla inadondoka, inayeyuka kwa digrii 660 hivi. Unapoteza madigadi kwa sekunde.

Mambo mawili zaidi usije ukaharibu kazi nzuri. Alumini na chuma vikigusana na maji yakawa katikati, alumini ndiyo inaliwa, ile unga nyeupe unaona kwa Landrova za zamani karibu na bolti ndiyo hiyo. Kwa hivyo kila mahali vinapokutana paka rangi pande zote mbili na uweke mpira mwembamba katikati, hata tyubu ya baiskeli iliyokatwa vizuri inafaa, na bolti ziwe zimepakwa zinki. Brashi ya waya wa chuma isiguse alumini, inaacha vipande vidogo ndani vitakavyofanya kutu chini ya rangi yako. Ikifika siku ya rangi anza na praima ya alumini inayong'ata, praima ya kawaida itabanduka kama maganda ya viazi. Na nati nyingi hapo ni za inchi, 7/16 na nusu inchi. Spana ya 13 inaingia kwa nusu inchi lakini inacheza, kwa sababu nusu inchi ni milimita 12.7, na hicho kidogo ndio kinakula kona za nati. Azima spana za inchi kwa mtu.

Wakati Landrova ya kwanza inatoka 1948 chuma kilikuwa cha mgao kule Uingereza baada ya vita, ndio maana bodi ikawa alumini, na ndio maana ya baba yako bado inaweza kufufuka leo. Madigadi ya zamani usiiuze kwa skrepu hata ukimaliza. Hicho ndicho kipimo chako cha kweli.

SWALI: Mimi ni wa Kisumu, nina Chevrolet pickup ya 1952 ya familia. Niliagiza madigadi moja Marekani, katalogi ikauliza upande, nikaandika upande wa dereva. Imefika ya kushoto! Gari langu usukani uko kulia. Pia imepakwa rangi nyeusi tayari, naweza kupiga rangi juu yake? Na mbona ndege ilinilipisha kilo 80 na kitu chenyewe nabeba mkono mmoja?

JIBU: Pole sana ndugu. Marekani dereva anakaa kushoto, kwa hivyo walikuletea ulichoandika. Siku nyingine usitaje dereva wala abiria, andika kushoto au kulia, na kushoto ni kwa mtu aliyekaa ndani anaangalia mbele, sio wewe uliyesimama mbele ya gari ukiliangalia pua. Ongeza kabisa kwamba usukani wako uko kulia.

Hiyo nyeusi ijaribu na kitambaa chenye thina, sugua dakika moja. Ikitoka kwa kitambaa ni rangi ya safari tu, ya kuzuia kutu kwa meli, itoe yote mpaka chuma. Isipotoka, imeshika vizuri, piga msasa mpaka mng'ao uishe kisha praima. Lakini kama nilivyomwambia dada wa Molo, funga kwanza ndio upake. Kwa hizo Chevrolet mwanya wa boneti ukikataa angalia zile washa chini ya fremu ya redieta, ukiongeza moja pua yote inainuka.

Kuhusu kilo, ndege wanapima nafasi. Urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Boksi la 120 kwa 80 kwa 50 ni kilo 80 hata likiwa na manyoya ya kuku. Madigadi ni kitu cha meli, mpaka Mombasa, uwe na subira.

SWALI: Fundi, niko Kakamega na Bedford ya pua, ile TJ, ilibeba miwa miaka mingi. Madigadi mpya sipati popote. Kuna kijana wa jua kali anasema anaweza kuunda na bati. Nimwamini?

JIBU: Mwamini, lakini mpe kazi ndogo kwanza uone mkono wake. Mpe bati ya geji 18, geji 20 ni nyepesi kwa lori, itatetemeka. Achukue kadibodi ngumu, akate umbo la upande wako ulio mzima sehemu kwa sehemu, halafu ageuze kadibodi ndio apate upande wa pili. Na ukingo wa chini angalia sana, zile za zamani ukingo umekunjwa kuzunguka waya, ndio unaipa nguvu. Akikuletea ukingo uliokatwa tu ukaachwa wazi, mrudishie aukunje, na waya anunue kabla hajaanza, sio baadaye.