Maswali ya Wasomaji: Simu Ikishika Mnara wa Ng'ambo ya Ruvuma, na Saa Nyingine za Kompyuta

Ndugu Mhariri, kila nikifika Kilambo simu yangu hurudi nyuma saa nzima, ingawa mto sijauvuka. Alamu ya kuniamsha saa kumi na moja alfajiri inalia saa kumi na mbili. Simu imeharibika?
— Msomaji, Mtwara Vijijini

Simu ni nzima. Imeshika mnara wa Msumbiji. Mnara hauipi simu mtandao peke yake. Huipa pia tarehe, saa na ukanda wa saa wa nchi yake. Msumbiji wako saa 2 mbele ya UTC, ile saa ya dunia ambayo nyingine zote hupimwa kwayo, nasi Tanzania tuko saa 3 mbele. Kama simu imeruhusiwa kujipangia ukanda, itafuata inachoambiwa na mnara.

Ndani yake simu haihifadhi "saa kumi na moja alfajiri". Inahesabu sekunde zilizopita tangu saa sita usiku ya kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, na hesabu hiyo ni ileile Kilambo, Maputo na Dar es Salaam. Ukanda huongezwa mwishoni, wakati wa kuonyesha saa kwenye kioo. Ndiyo maana meseji zako zote zinaonekana zimerudi nyuma kwa saa moja lakini hazijapishana. Alamu ni jambo jingine: imeandikwa kama 05:00 ya mahali ulipo, na simu ikiamini uko Msumbiji, alamu inachelewa.

Fungua mipangilio, nenda kwenye tarehe na saa. Saa yenyewe iache ijipange. Zima kile kipengele cha ukanda kujipanga, kisha chagua Dar es Salaam. Usipoiona kwenye orodha, chagua Nairobi, ni ukanda uleule. Ukiwa hapo, ingia pia kwenye mitandao ya simu uchague mtandao wako mwenyewe badala ya kuiacha simu itafute, usije ukakatwa salio kwa gharama za nje ya nchi ukiwa nyumbani.

Tunakuomba sana usisogeze saa mbele kwa mkono. Ukifanya hivyo kioo kitaonyesha saa sahihi, lakini utakuwa umeharibu ile hesabu ya sekunde. Picha na kumbukumbu mpya zitaandikwa kwa wakati ambao haujafika, na programu zinazotengeneza namba za siri za kila sekunde 30 zitatoa namba zinazokataliwa, kwa sababu namba hizo hukokotolewa kutokana na hesabu hiyohiyo.

Ofisi yetu inauza korosho na ufuta nje. Mnunuzi wa India tunakutana naye mtandaoni saa ileile mwaka mzima. Wa Rotterdam tunapishana naye kila Machi na kila Oktoba, na yeye anaapa kwamba hajabadilisha kikao. Nani anakosea?
— Karani, Lindi Mjini

Hakuna anayekosea. India iko saa 5 na nusu mbele ya UTC na haisogezi saa, hivyo tofauti yenu ni saa 2 na nusu daima. Uholanzi iko saa 1 mbele wakati wa baridi, na saa 2 mbele kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kikao cha saa tatu asubuhi kwake, yaani 09:00, Januari kinawakuta nyinyi saa tano asubuhi, na Julai saa nne. Kwake hakijasogea hata dakika.

Kompyuta huyajua haya kwa kusoma orodha moja ya dunia nzima yenye majina ya kanda, kanuni zake na historia yake. Aliyeianzisha miaka ya 1980 ni Arthur David Olson. Mratibu wake kwa muda mrefu sasa ni Paul Eggert, na tangu 2011 inatunzwa chini ya IANA, chombo kinachosimamia pia namba na majina ya intaneti. Simu za Android, iPhone na mashine za Linux huitegemea. Windows ina orodha yake, ambamo sisi tumo kwenye mstari wa Nairobi. Kanuni ya Ulaya ya kusogeza saa mbele imeandikwa hivi:

Rule EU 1981 max - Mar lastSun 1:00u 1:00 S

Isome kuanzia kushoto. Kanuni inaitwa EU, ilianza 1981, na "max" maana yake haijapangiwa mwisho. Kistari ni nafasi isiyotumika. Kisha mwezi wa Machi, Jumapili ya mwisho, saa 1:00 kwa UTC (ndiyo kazi ya ile herufi u), ongeza saa 1:00. Herufi S huingia kwenye kifupi cha jina la saa ya majira hayo. Kwa Lindi, 1:00 ya UTC ni saa kumi alfajiri. Mkiamka, Ulaya imeshahama.

Mkiwa na mnunuzi wa Marekani mambo yanaongezeka uzito. Tangu 2007 wao husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka 2026, kwa mfano, kati ya tarehe 8 na 29 Machi tofauti ya New York na Rotterdam inakuwa saa 5 badala ya 6. Kikao cha watu wa nchi tatu kikipangwa ndani ya wiki hizo kinahitaji kukaguliwa upya.

Kwa hiyo kubalianeni kwanza saa ya nani ndiyo inayoshika kikao. Ikiwa ni ya Rotterdam, andikeni kwenye kalenda 09:00 pamoja na jina Europe/Amsterdam, maana Rotterdam haina jina lake kwenye orodha. Msiandike "+1", kwa kuwa namba hiyo ni kweli nusu ya mwaka tu. Pia msigeuze kikao cha miezi ijayo kuwa UTC mkakihifadhi hivyo, kwa sababu serikali hubadilisha kanuni: Sudan Kusini ilihama kutoka saa 3 kwenda saa 2 mbele ya UTC tarehe 1 Februari 2021, na Misri ilirudia kusogeza saa mwaka 2023. Ukiwa na jina la mahali, kompyuta iliyosasishwa itakokotoa upya. Yaliyokwisha kutokea, kama mzigo kupimwa au malipo kupokelewa, hayo ndiyo ya kuhifadhi kwa UTC, mfano 2026-03-30T07:00:00Z, ambayo kwenu ni saa nne asubuhi.

Seva ya kituo chetu cha mafuta fundi aliiwekea Etc/GMT+3, kwa kuwa Tanzania ni GMT+3. Saa tunaiona iko sawa, lakini mauzo ya zamu ya usiku yanaingia kwenye ripoti ya jana.
— Msomaji, Nachingwea

Hili linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu kosa limejificha ndani ya namna tunavyotaja saa. Majina yanayoanza na Etc/GMT (GMT hapa ni sawa na UTC) yana alama zilizogeuzwa: kujumlisha ni magharibi, kutoa ni mashariki. Etc/GMT+3 ni saa 3 nyuma ya UTC, basi seva yenu imebaki nyuma kwa saa 6. Saa sita ndiyo tofauti kati ya saa ya Kiswahili na ya kimataifa! Ikiwa saa nane mchana, seva inaonyesha 08:00, na kila anayetazama anaona nane yake. Kinachofichua kosa ni tarehe: kwenye seva siku mpya inaanza saa kumi na mbili asubuhi, hivyo lita zilizouzwa saa tisa usiku zinahesabiwa za jana.

Chukua nakala ya hifadhidata kwanza. Kisha andika: sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam. Hakiki kwa amri date +%z, inayopaswa kujibu +0300. Zima na uwashe upya hifadhidata na programu ya mauzo, kwa kuwa nyingi husoma ukanda zinapoanza tu. Andika kwenye daftari dakika uliyobadilisha. Kama mauzo ya zamani yalihifadhiwa kwa UTC, yatajionyesha sawa yenyewe. Kama yalihifadhiwa kwa saa ya seva bila ukanda, yaongezewe saa 6, lakini yale ya kabla ya dakika hiyo pekee.

Kompyuta ya shule ina Windows na Linux. Nikitoka Linux, Windows inakuwa nyuma saa tatu.
— Mwalimu, Masasi

Linux huandika UTC kwenye saa ya mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, na Windows huisoma kama saa ya hapa. Kwenye Linux andika: sudo timedatectl set-local-rtc 1. Katika nchi zinazosogeza saa hatuishauri njia hii. Kwetu haina madhara. Ila kama umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi, tatizo ni betri ya CR2032 ya volti 3 kwenye mazabodi. Ibadilishe.

Naingiza kwenye kompyuta kumbukumbu za bandari za miaka ya 1950. Mashine mbili zinanipa UTC zinazopishana kwa dakika 15.
— Msomaji, Mikindani

Data za kanda kwenye mashine hizo hazilingani. Kumbukumbu za kina za ile orodha ya dunia zinaonyesha Tanganyika ikitumia saa 2 na dakika 45 mbele ya UTC kuanzia 1948 hadi mwisho wa 1960. Siku hizi, hata hivyo, Africa/Dar_es_Salaam huelekezwa tu kwenye Africa/Nairobi, na watunzaji wanahakikisha usahihi wa kuanzia 1970, si wa nyuma ya hapo. Hifadhi saa kama ilivyoandikwa kwenye daftari la bandari, weka safu ya pili yenye +02:45, na UTC uikokotoe kutoka safu hizo mbili bila kutegemea jina la ukanda.