Wufa ya omu 8 imekufa, nieke ya omu 4?

Swali: Assalam alaikum fundi. Nina maboksi mawili nakodisha harusini hapa Langoni, Lamu, kila moja lina wufa (spika ya besi) ya inchi 12 na twita (ya sauti nyembamba). Wufa moja imenyamaza, nyuma imeandikwa omu 8 (ukinzani wake kwa umeme), wati 300. Dukani Malindi wanasema za omu 8 zimekwisha, nichukue ya omu 4 wati 1000, ati itagonga zaidi. Ampu yangu (amplifaya) imeandikwa isishuke chini ya omu 4, na maboksi yote nimeunga upande mmoja wa ampu manake upande wa pili ulikufa kitambo.

Jibu: Waalaikum salam ndugu yangu. Usichukue. Ungekuwa na pande mbili zinazofanya kazi tungezungumza, lakini hapo umeunga zote sambamba (chanya pamoja, hasi pamoja) na sambamba omu hushuka, 8 na 8 zinakuwa 4, yani ampu iko ukingoni tayari. Ukitia 8 na 4 unapata kama 2.7, ampu itasukuma umeme isioweza, itachemka, ikiwa na ulinzi itajizima bibi harusi ndo anaingia, ikiwa haina transista zinakwenda. Halafu hiyo ya omu 4 itakula wati mara mbili ya mwenzake. Na krosova, ile inayogawa sauti kati ya wufa na twita, ilipigiwa hesabu ya omu 8, kama ni ile ya koili moja tu basi wufa itaachia sauti mapema, kwenye nusu ya masafa ilipokuwa ikiachia, sauti ya muimbaji ibaki na pengo.

Hizo wati 1000 zisikubabaishe, ni kiasi spika inachohimili (na mara nyingi wameandika ile ya kilele), sio sauti itakayotoa. Uliza wati za RMS (za kudumu) na inatoa dB ngapi (ukubwa wa sauti) kwa wati 1 ukipima umbali wa mita 1, spika iliyozidi dB 3 ni sawa na kuongeza ampu wati mara mbili.

Lakini mbona unanunua kabla hujapima? Toa waya za wufa, eka mita ya umeme kwenye omu. Ya omu 8 ilo nzima inasoma kama 5.5 hadi 7, usishtuke, mita inapima kwa umeme wa betri sio wa muziki. Isiposoma kitu angalia kwanza zile nyuzi laini zinazotoka kwenye vishikizo kwenda kwenye karatasi ya spika, hewa yetu ya chumvi inazila sana, pengine imekatika hapo tu na risasi kidogo inatosha. Ikisoma vizuri lakini ukisukuma karatasi kwa vidole pole pole inakwaruza, koili ya spika (waya uliozungushwa nyuma ya karatasi) inasugua, hiyo imekwisha.

Na hapa ndo nina wasiwasi nawe zaidi: ampu ishaua upande mmoja. Bila spika, volyumu sifuri, eka mita kwenye volti za DC (umeme kama wa betri) upande wa ampu unaotumia. Milivolti chache, mpaka 50 hivi, sawa. Ukiona volti nzima nzima usiunge spika yoyote, maana itaunguza na mpya, na huenda ndio iliyoua hii.

Siku ya kufunga gusisha betri ya 1.5 kwenye wufa zote mbili, chanya kwa chanya, karatasi zote zitoke nje, moja ikiingia ndani besi inapotea. Pima na matundu ya skrubu kabla hujapanda basi, inchi 12 si zote zinalingana.

Ukikosa omu 8 kabisa, mpe fundi abadilishe koili na karatasi, sumaku yako haijafa. Harusi ikifika kabla, piga na boksi moja lilo zima.