Breki Zilizopotea Mteremkoni Kisha Zikarudi

SWALI: Mwezi Agosti nilikuwa nateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo kwa gari dogo la gia za mkono, tukiwa watu watano na magunia mawili ya karoti nyuma. Ili kuokoa petroli niliweka nyutro tangu juu, mguu ukawa juu ya breki muda wote. Tulipopita Soni nilianza kusikia harufu ya kitu kinachoungua, na kwenye kona iliyofuata pedali ikazama mpaka chini bila gari kupunguza mwendo. Nilivuta hendibreki, nikaliegemeza gari kwenye ngema ya upande wa mlima, likasimama. Baada ya saa moja hivi breki zilikuwa zimerudi kama kawaida. Fundi aliyelikagua hakuona mahali panapovuja, na kopo la mafuta ya breki lilikuwa limejaa, akaniambia niendelee na safari. Je, breki zinaweza kuharibika na kupona zenyewe? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa mshtuko huo. Fundi wako aliona sawasawa kwamba hapakuwa na kilichovunjika wala kilichovuja. Alipoteleza ni pale alipochukulia kwamba mafuta yaliyojaa ni mafuta mazima.

Breki huugeuza mwendo wa gari kuwa joto, na joto hilo lazima lipate pa kwenda. Gari la kilo 1,500 likisimamishwa kutoka kilomita 80 kwa saa hutoa joto linalotosha kuchemsha lita moja ya maji ya mtungini. Hapo ni kusimama mara moja tu, barabara ikiwa tambarare. Kutoka Lushoto hadi Mombo mnashuka karibu mita 1,000 kwenda chini, na joto la mteremko wote huo, kwa gari lenye uzito kama huo, lingechemsha ndoo mbili za lita 20. Gari likiwa kwenye gia, injini huchukua sehemu kubwa ya mzigo huo; ulipoweka nyutro uliitoa injini kazini, na karibu joto lote likaangukia breki. Hata petroli uliyodhani unaiokoa hukuiokoa, kwa sababu injini za siku hizi hukata mafuta zenyewe gari linapoteremka kwenye gia huku mguu haumo kwenye akseleta, ilhali kwenye nyutro lazima ziendelee kuchoma kidogo ili zisizimike.

Sasa tuifuate njia ya mguu wako. Pedali husukuma pistoni iliyo ndani ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta, nayo husukuma mafuta ya breki kupitia mabomba membamba ya chuma na mipira hadi kwenye magurudumu. Kimiminika hakibanwi kikapungua, kwa hiyo msukumo unaotoka kwenye masta hufika kila mahali kwa kiasi kilekile. Pistoni ya gurudumuni ikiwa na eneo mara tano ya ile ya masta, itasukuma kwa nguvu mara tano, ila itasogea sehemu moja tu ya tano ya mwendo. Ndiyo maana pedi husogea kidogo sana, pengine chini ya unene wa ukucha, na ndiyo maana mfumo mzima hauna nafasi ya kupoteza hata tone.

Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lijaze maji, ziba tundu kwa kidole kisha sukuma: halisogei. Mwaga maji, acha hewa tupu, sukuma tena: kitako kinashuka kama unasukuma mto wa sponji. Hicho cha pili ndicho ulichokihisi mguuni kwako baada ya Soni. Mafuta yaliyokuwa karibu na magurudumu ya mbele yalichemka, yakatoa mapovu ya mvuke, na kila ulipokanyaga ulikuwa unaminya mapovu badala ya kusukuma pedi. Yalipopoa, mvuke ukarudi kuwa kimiminika, pedali ikawa ngumu, na fundi akakuta gari zima.

Utauliza kwa nini mafuta yalichemka, wakati magari mengi hushuka njia hiyo kila siku. Mafuta ya breki ya kawaida yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, unaopenya polepole kwenye mipira na mfuniko wa kopo. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 155. Kwa DOT 3 namba hizo ni 205 na 140. Kwa macho huwezi kuona tofauti, kopo linabaki limejaa vilevile. Badilisha mafuta yote, ukimwagiza fundi atoe upepo kwenye kila gurudumu, na baada ya hapo rudia takriban kila miaka miwili, au kama kitabu cha gari lako kinavyoelekeza. Ile chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikabaki kwenye buti usiitumie, na yeyote atakayetaka kukuongezea oili ya injini humo mzuie mkono, kwa kuwa oili hiyo huvimbisha raba za masta na kuziua.

Ile harufu nayo ni habari nyingine, ingawa chanzo ni kimoja. Pedi zikipita joto lake hupoteza mkwaruzo, na hapo dalili huwa kinyume: pedali ni ngumu kabisa chini ya mguu, lakini gari halisimami. Pedi zilizonusa moto namna hiyo zifunguliwe zitazamwe. Zikiwa na uso unaong'aa kama kioo, weka mpya.

Aina ya breki pia ina neno hapa. Breki za diski ni bamba la chuma linalozunguka peupe likibanwa na pedi pande mbili, hivyo upepo unalipoza upesi. Breki za dramu, ambazo magari mengi madogo huwa nazo nyuma, ni viatu viwili vinavyotanuka ndani ya ngoma iliyofunikwa. Ni nafuu, zinashika vizuri kwa hendibreki, lakini joto hukaa ndani, na ngoma ikipata moto hutanuka na kukimbia viatu. Na kama unashangaa kwa nini hendibreki ilikuokoa, ni kwa sababu katika magari ya aina yako huvutwa kwa waya, haitegemei mafuta hata kidogo.

Safari ijayo shuka kwa gia uliyopandia, na ukihitaji breki kanyaga kwa nguvu muda mfupi, kisha achia zipoe.

SWALI: Mimi ni utingo wa lori. Fundi wa magari madogo huhangaika kutoa upepo kwenye breki, akisema ni hatari, lakini lori letu linatumia breki za upepo. Inakuwaje? Na kwa nini asubuhi lazima tusubiri upepo ujae? (Msomaji, Singida)

JIBU: Swali zuri, na wenye leseni miaka mingi hawajawahi kujiuliza. Katika gari dogo nguvu ni ya mguu na mafuta ni mjumbe tu, hivyo hewa ikiingia humeza ujumbe. Katika lori nguvu ni hewa yenyewe, iliyokwisha kushindiliwa na kompresa ndani ya matangi; pedali ni bomba la kufungulia tu, na hewa inayotumika hujazwa tena injini ikinguruma. Ule mlio wa "pshii" ni hewa iliyomaliza kazi ikitolewa nje.

Mnasubiri asubuhi kwa sababu breki ya kuegesha inabanwa na springi nzito, na kazi ya hewa hapo ni kuilegeza. Hewa ikiisha, springi inabana. Wazo la breki inayojikaza hewa ikitoroka lilitoka kwenye treni, ambako Mmarekani George Westinghouse alilitengenezea mfumo wake mwaka 1872.

Springi hiyo haiponyi joto, hata hivyo. Kule kwenye mteremko wa Sekenke, dereva anayekanyaga na kuachia mfululizo anamaliza upepo wa matangi upesi kuliko kompresa inavyojaza, na ngoma zikishatanuka fimbo ya kusukumia viatu hufika mwisho wake kabla havijagusa sawasawa. Breki ya injini iwashwe juu, kabla mteremko haujaanza.

SWALI: Nilikanyaga breki ghafla kwenye mvua, pedali ikatetemeka na kulia "trrr" nikaogopa nikaachia. Ni ubovu? (Msomaji, Kibaha)

JIBU: Hapana, hiyo ni ABS, mfumo ambao kampuni ya Bosch iliuingiza kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978. Kila gurudumu lina kihisio. Likitaka kujifunga na kuteleza, vali hulegeza na kukaza breki yake mara kadhaa kwa sekunde, ili usukani uendelee kutii. Mtetemo ni vali na pampu zikifanya kazi. Usiachie, kandamiza mpaka gari lisimame, huku ukilikwepesha. Kwenye changarawe tu weka nafasi kubwa zaidi mbele yako, kwa kuwa huko gurudumu lililojifunga hukusanya kokoto na kusimama mapema, ilhali ABS hairuhusu lijifunge.