Ini, Ubongo na Sonona: Barua kwa Mwanangu Aliyeko Nanjing

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilitoka nayo barazani ili wadogo zako wasinione uso. Umeniandikia kwamba hulali, chakula hakikupiti, na masomo uliyoyahangaikia miaka miwili huna hamu hata ya kuyafungulia daftari. Daktari wa hospitali amekwambia una sonona akakupa sertralini, na tabibu wa tiba ya Kichina, baada ya kukupima mapigo na kukutazama ulimi, amesema qi ya ini lako imefungana, akakuandikia dawa ya kuchemsha. Unaniuliza nani kati yao anasema kweli, na kama unaweza kuzinywa dawa zote mbili.

Kwanza, usimcheke tabibu kwa kutaja ini. Sisi wenyewe husema maneno ya fulani yametukata maini, wala hakuna anayedhani kuna kisu kilichopita. Katika tiba yao ini si kile kiungo tu tulichofundishwa chuo cha uuguzi, bali ni kazi nzima ya kuiachia qi, yaani nguvu iendeshayo mwili, ipite bila kizuizi. Hasira iliyomezwa na huzuni iliyokaa muda mrefu huiziba njia hiyo. Hali yenyewe huiita gan qi yu jie, na hilo neno jie maana yake ni fundo, kama fundo letu la moyoni. Zhang Zhongjing, tabibu wa Kichina aliyeishi yapata miaka 1,800 iliyopita, aliandika juu ya wanawake wanaohisi kama kipande cha nyama kimewakwama kooni, nami nilipolijua hilo nilishangaa, kwa kuwa wagonjwa wetu hapa Unguja walikuwa wakiniambia donge limewakaa kooni na hawakuwa na uvimbe wowote. Kwa majani na mizizi uliyonitajia, dawa yako inaelekea kuwa xiaoyao san, ambayo imo katika kitabu cha dawa cha serikali ya Uchina ya kale, enzi ya Song. Ina mizizi ya chaihu na danggui, tangawizi na nanaa, na jina lake hudokeza mtu atembeaye huru bila wasiwasi.

Daktari wa hospitali hakutafuta fundo, alihesabu dalili na siku. Kwa vigezo vya Marekani vinavyotumika pengi, mtu awe na dalili tano au zaidi kati ya tisa kwa muda usiopungua wiki mbili, na mojawapo iwe huzuni au kukosa raha na mambo aliyoyapenda. Usidhani, hata hivyo, kwamba upande huo kila kitu kimekwisha kueleweka. Dawa zao za mwanzo zilipatikana kwa bahati miaka ya 1950, pale wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa ya iproniazidi walipoonekana kuchangamka kupita kiasi. Na ile kauli kwamba sonona ni upungufu wa serotonini, kemikali ya ubongo, tu, tuliyoirudia wodini kama aya, haikuthibitika. Ninachouheshimu upande huo ni kwamba sertralini imepimwa dhidi ya vidonge visivyo na dawa ndani, kwa maelfu ya watu, ikaonekana kuwasaidia wengi. Majaribio ya dawa za mitishamba yapo, lakini mengi ni madogo na hayakufanywa kwa uangalifu wa kutosha.

Mwaka 1980 daktari Mmarekani Arthur Kleinman aliwachunguza wagonjwa 100 mjini Changsha, mkoani Hunan, waliokuwa wameambiwa wana udhaifu wa neva, shenjing shuairuo kwa Kichina. Kwa vigezo vya Marekani, 87 kati yao walikuwa na sonona, ijapokuwa walichokuja kukilalamikia ni kichwa, usingizi na uchovu. Mateso yalikuwa yale yale. Kila tiba iliyaingilia kwa mlango wake. Kwa hiyo sitamwita yeyote kati ya wawili wako mwongo.

Sasa la dawa. Sertralini iendelee, hata kama siku za mwanzo itakutia kichefuchefu, maana huchukua wiki kadhaa kabla moyo haujaanza kutulia, wala usiikatishe ghafla. Ya kuchemsha isubiri mpaka umwonyeshe daktari karatasi ya tabibu, na tabibu boksi la vidonge. Gancao, mzizi mtamu uliomo katika mchanganyiko huo, ukinywewa kwa wingi hupandisha shinikizo la damu na kushusha madini ya potasiamu mwilini. Na mmea wanaouita guanye lianqiao, kwa Kiingereza St John's wort, usiuguse kabisa, kwa kuwa ukikutana na sertralini serotonini huweza kuzidi hadi kuhatarisha maisha. Ukitaka sindano za akyupancha, sikukatazi, mradi zisishike nafasi ya vidonge.

Lipo moja hukuliandika, nami nakuuliza waziwazi kama nilivyokuwa nikiwauliza wagonjwa: je, mawazo ya kujidhuru yanakujia? Kwa vijana wa umri wako huweza kuongezeka katika wiki za kwanza za dawa. Yakija, usingoje miadi; mwamshe mwenzako wa chumbani akupeleke hospitali usiku huo huo, kisha unipigie, hata ikiwa kwetu ni usiku wa manane.

Jumamosi ukimaliza chakula cha jioni, kwetu kutakuwa mchana, nitakuwa karibu na simu. Nitumie kabla ya hapo picha ya karatasi ya tabibu, na ya boksi pia.

Mama yako