Dirisha limefungwa, nani bado ameshika kamba?

Mdogo wangu unayeanza Python na Tkinter (zana yake ya kutengeneza madirisha), kabla hujahangaika na rangi za vitufe, zoea kujiuliza: dirisha likifungwa, nani bado amelishika? Mimi swali hili nilifundishwa na gunia la dagaa.

Nilimwandikia programu ya risiti mfanyabiashara mmoja pale Mwaloni, soko la dagaa la Kirumba, Mwanza. Mizani imeunganishwa na kompyuta. Gunia likipanda, karani anafungua dirisha, uzito unajitokeza, anapiga picha ya gunia, anachapa risiti, anafunga. Asubuhi mambo safi. Ikifika saa nane mchana, simu: "Fundi, mashine imechoka tena." Dawa yake ilikuwa kuzima na kuwasha. Nikasingizia virusi. Kisha nikawashauri waongeze RAM kutoka giga 2 hadi 4, wakanunua, na mashine ikawa inachoka saa kumi badala ya saa nane. Hela ile ya watu inaniuma mpaka leo.

Skripti ya kawaida huanza, ikafanya kazi, ikafa na uchafu wake. Programu ya madirisha haifi. Inakaa ndani ya mainloop, mzunguko wake mkuu, kutwa nzima ikisubiri mtu abonyeze, kwa hiyo kosa dogo la risiti moja linajirundika risiti kwa risiti.

Python huhesabu wanaokishika kila kitu. Hesabu ikifika sifuri, kitu kinatupwa papo hapo. Ni kama mitumbwi ufukweni: mtumbwi wenye kamba mbili, ukifungua moja bado haujaondoka. Miwili iliyofungana yenyewe kwa yenyewe haifiki sifuri, ndiyo maana ipo gc (mkusanya taka wa Python) ya kupita na kuikusanya. Ila gc haigusi mtumbwi ambao kamba yake imefika nchi kavu, na wangu ulifungwa nchi kavu kwa mstari huu:

self.mizani.wasikilizaji.append(self.onyesha_uzito)

Unaona kama umeipa mizani fanksheni tu ya kuita uzito ukibadilika. Kumbe self.onyesha_uzito imembeba self, yaani dirisha lenyewe, mgongoni, na self amebeba picha. Mizani inaishi kutwa. Nikiita destroy(), dirisha linatoweka kwenye skrini, lakini kitu chake cha Python kipo palepale, na picha haifutwi. Picha ya pikseli 1200 kwa 900, baiti 4 kila pikseli, ni megabaiti 4.3, hata kama faili lake la JPEG ni dogo. Piga mara magunia 200: zaidi ya megabaiti 860.

Tena kila uzito ulipobadilika, mizani iliyaita madirisha yote yaliyokwisha kufa, na kila moja lilitoa kosa la TclError. Sikuona hata moja kwa sababu nilikuwa nimezungushia try na except yenye pass, inayomeza kosa kimya. Usifanye hivyo kamwe.

Kutafuta nako kulinichosha. Nilianza na tracemalloc, kipimo cha kumbukumbu cha Python, ikaniambia kila kitu ni shwari, wakati kumbukumbu kwenye Task Manager ya Windows inapanda tu. Baadaye ndiyo nikaelewa: tracemalloc huona kumbukumbu iliyoombwa kupitia Python, na picha za Tk, maktaba iliyo chini ya Tkinter, hukaa upande wa Tcl, lugha ya Tk. Kilichonisaidia ni kuhesabu vitu vyenyewe:

sum(type(k) is DirishaRisiti for k in gc.get_objects())

Kwenye skrini kulikuwa na dirisha moja, jibu likawa 63. Nikachukua mojawapo, nikalipeleka kwenye gc.get_referrers, inayotaja wanaokishika kitu, nikaifuata kamba mpaka kwenye ile orodha ya wasikilizaji.

Dawa ilikuwa mistari mitatu ndani ya funga(), niliyoiunganisha na WM_DELETE_WINDOW, ishara kwamba mtu amefunga dirisha: jiondoe kwenye wasikilizaji kwa remove, futa saa yoyote ya after (kazi iliyopangwa kuanza baadaye) kwa after_cancel, ndipo uite destroy(). Angalia mtego: kama ulisajili lambda (fanksheni isiyo na jina), remove ya lambda nyingine iliyoandikwa vilevile haitaipata, maana ni vitu viwili tofauti. Sajili metodi yenyewe. Ukitaka kamba legevu, isiyoingia kwenye hesabu, tumia weakref.WeakMethod; weakref.ref ya kawaida juu ya metodi hufa hapohapo, na utabaki unashangaa mbona uzito hauonekani.

Utakutana na kinyume chake pia, huenda wiki yako ya kwanza: picha inatakiwa ionekane, Label (sehemu ya dirisha inayoionyesha) iko tupu, hakuna kosa lolote. Hapo hukuacha kamba hata moja. Label hupewa jina la picha tu. Fanksheni ikimalizika, hesabu inafika sifuri na picha inaondoka. Andika self.picha = picha, basi.

Siku hizi sikabidhi kazi kabla sijafungua na kufunga dirisha mara 50 na kuhesabu upya. Task Manager siiamini sana hapo, kwa kuwa Python hairudishi kila baiti kwa mfumo mara moja. Pale Mwaloni hesabu ilirudi sifuri. Karani bado ananipigia saa nane, ila sasa ni habari ya printa.