Kafuri hainukii?

SWALI: "Ninaandaa maelezo ya kemia kwa Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wangu wanaohangaika na Kiingereza. Nimefika kwenye ile michanganyiko ya kaboni iliyojifunga duara, kama sikloheksani, ambayo haimo katika jamii ya benzeni. Vitabu vinaiita 'isiyo aromatiki'. Je, niandike 'isiyonuka' au 'isiyonukia'?" (Mwalimu wa sekondari, Tanga)

JIBU: Usiandike lolote kati ya hayo mawili. Mwenye haraka ameshapata jibu na anaweza kwenda zake. Wewe mwalimu kaa kidogo, maana umegusa donda.

Kwanza nikushukuru kwamba bado unajua kuwa kunuka na kunukia ni vitu viwili. Wenzako wengi wamesahau. Siku haziishi nyingi bila kusikia redioni sabuni fulani "inanuka vizuri", na juzi nimesoma kwenye ukuta wa saluni: "Nywele zako zitanuka siku nzima." Nani atalipa hela yake anukishwe kichwa? Kinachonuka ni soksi, ni samaki wa juzi, ni mtaro ulioziba. Kinachonukia ni pilau, ni udi, ni asmini, ni mtoto aliyetoka kuogeshwa. Irabu moja tu, i, ndiyo inayotenganisha sifa na tusi, na ukiidondosha mbele ya bibi harusi utafute mlango mapema. Mnyambuliko huu kwa kawaida hutuambia jambo limetendwa kwa ajili ya nani au kuelekea wapi. Hapa umefanya kazi ya ziada, umegeuza uvundo kuwa manukato. Lugha ikikupa zawadi kama hiyo, unaitupaje kwa ajili ya "vizuri" iliyoning'inizwa nyuma ya kitenzi kisichoitaka?

Nimemaliza hilo. Sasa kosa lako, mwalimu, ambalo si la kitenzi. Ni kwamba umetafsiri kwa pua.

Ni kweli kwamba neno aromatiki lilianzia puani. Asili yake ni Kigiriki, na lilihusu viungo vyenye harufu. Wanakemia wa karne ya 19 walipata baadhi ya vitu vya jamii hiyo kutoka kwenye mafuta na utomvu unaonukia, wakavibatiza hivyo. Hata benzeni jina lake limetoka kwenye utomvu ambao Waarabu waliuita lubani jawi, yaani ubani wa Java. Kwa hiyo benzeni na ubani wetu wa kufukiza ni watoto wa tumbo moja, ingawa mmoja wao leo anajulikana kwa kusababisha saratani ya damu. Lakini baada ya mwanakemia Mjerumani Kekulé kupendekeza mwaka 1865 kwamba kaboni sita za benzeni zimefungana pete, kazi ya pua ilianza kupungua, na siku hizi imeisha kabisa. Aromatiki leo ni habari ya elektroni, zile chembe ndogo za atomi zinazofunga kaboni na jirani yake. Katika benzeni elektroni sita hazikai baina ya kaboni hii na ile tu, zinatumiwa kwa pamoja na pete nzima, na ushirika huo ndio unaoifanya pete iwe imara kupita ilivyotarajiwa. Sikloheksani haina ushirika huo. Kila kaboni imeshika jirani zake wawili kwa vifungo vya kawaida, ikabeba na hidrojeni zake mbili, basi.

Ukitaka kuona tafsiri ya pua inavyoaibisha, chukua kafuri. Ninaipenda sana kafuri kwa hoja hii, mnivumilie. Kwa mizani ya kemia, kafuri si aromatiki: imejengwa kwa pete za kaboni zisizo na ule ushirika wa elektroni, yaani imo katika kundi hilohilo unalotaka kuliita "isiyonukia". Kafuri, mwalimu! Ile inayotiwa kwenye maji ya kumwoshea maiti ili aondoke akinukia. Ile iliyotajwa katika Kurani, katika sura ya Al-Insan, kuwa imechanganywa kwenye kinywaji cha watu wema. Mwanafunzi wako wa Tanga aliyewahi kuingia nyumba ya msiba atasoma kwenye daftari lako kwamba kafuri hainukii, na kuanzia siku hiyo hataamini hata ukimwambia maji yanachemka.

Na bado sijamaliza nayo. Jina lake jingine Pwani ni karafuu maiti. Huenda wazee waliunusa ule ukali wakaulinganisha na karafuu, na kwa pua zao walikuwa sahihi. Lakini kemia inawatenganisha hao jamaa: yujenoli, ambayo ndiyo roho ya karafuu ya Unguja na Pemba, ina pete ya benzeni na kwa hiyo ni aromatiki, kafuri sivyo. Kwa tafsiri yako, karafuu inanukia, karafuu maiti hainukii. Kisha geukia zile gololi nyeupe za naftalini zinazowekwa kwenye makabati ya nguo. Hizo ni aromatiki kwelikweli, zina pete mbili zilizogandana ubavu kwa ubavu. Nenda kalisogelee shati lililolala nazo miezi sita, kisha uniambie kama linanukia. Kwa upande mwingine, parasetamoli ina pete ya benzeni ndani yake, na kidonge chake hakikuambii kitu puani. Mentoli ya kusugua kifuani wakati wa mafua si aromatiki, lakini nyumba nzima inajua nani anaumwa.

Kuhusu "duara": andika pete. Duara hulala bapa kwenye karatasi, na mwaka 1885 mwanakemia Baeyer alizichukulia pete hizi kuwa bapa hivyohivyo. Miaka mitano baadaye mwenzake Sachse alionyesha kwamba pete ya kaboni sita inaweza kujikunja, lakini wachache walimsikiliza. Wanakemia Hassel na Barton, walioukamilisha ukweli huo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1969. Mikunjo miwili maarufu ya sikloheksani inaitwa kiti na mashua, na hapo nakuruhusu utafsiri bila woga, kwa sababu ukiichora unakiona kiti, na ukiikunja tena unaiona mashua. Majina hayo bado yanaeleza kitu chenyewe. Aromatiki iliacha kueleza zamani. Hilo ni la kukopa lilivyo, tukalitia irabu mwishoni, tukaliacha.

"Michanganyiko" nayo ifute. Kachumbari ni mchanganyiko: ukiwa na subira utachambua kitunguu chote ukiweke pembeni. Katika sikloheksani kaboni na hidrojeni zimeungana, huchambui kitu. Huo ni msombo. Wengine husema kampaundi, nami kwa hilo nimezeeka, sina tena nguvu za kugombana.

Basi andika "misombo ya pete isiyo aromatiki". Mjuzi mmoja atakuuliza kama isiyo aromatiki ni misombo au ni pete, kwa kuwa kiambishi kinakubali kotekote. Mwambie ni vyote viwili, na ashukuru. Neno alisikliki pia lipo, lina maana hiyohiyo kwa ufupi zaidi, ila wanafunzi watalitamka kwa namna kumi kabla ya mapumziko. Nusu yake ya pili, kwa taarifa yao, ndiyo hiyohiyo inayozunguka ndani ya baisikeli.

Sikloheksani yenyewe, ukiifungua darasani, hutoa harufu inayokaribia ya petroli. Inashika moto upesi, kwa hiyo zima vichomeo na ufungue madirisha. Mwanafunzi atakayeziba pua na kusema inanuka, mpe alama ya Kiswahili.