Kanisani nilitoka, lakini mumi bado hapiti kooni

Ijumaa ikifika saa kumi na mbili jioni, mikono yangu huanza kukunja nguo yenyewe. Niko Kibuye kwenye kibanda changu cha mitumba, wateja bado wanachagua blauzi za shilingi 50, na hakuna aliyeniambia nifunge. Jua la Kisumu huzama mwendo wa saa moja kasoro dakika ishirini. Kufikia hapo nataka niwe nimeoga, sufuria imeshaepuliwa na nguo za kesho zimepigwa pasi. Ni miaka 14 sasa tangu niache kwenda kanisani.

Nilizaliwa karibu na Kendu Bay, si mbali na Gendia, ambako Waadventista Wasabato walifungua misheni yao ya kwanza nchini Kenya mwaka wa 1906. Kwetu Sabato haikuwa jambo la kujadiliwa. Dani, yaani nyanya yangu, alibatizwa akiwa msichana, mama akazaliwa humo humo, nami nikafuata. Ijumaa yetu ilikuwa na harufu yake: nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, ikichemka tangu mchana ili kesho ipashwe moto tu, rangi ya viatu, na makaa ndani ya pasi. Jua likigusa mlima wa Homa, mama anaita. Kama ulikuwa unaosha sahani, unaiacha. Redio inazimwa katikati ya habari. Tunaimba, tunakariri fungu, na kuanzia hapo hadi jua la kesho lizame hakuna kutumwa dukani, hata chumvi ikiisha.

Sikutoka kwa ugomvi. Nilikuwa chuoni, mtihani ukapangwa Jumamosi. Nilipoenda kuomba siku nyingine niliambiwa nichague kati ya karatasi na kanisa. Nikafanya mtihani. Jumamosi iliyofuata sikwenda kanisani kwa aibu, na aibu ikawa mazoea. (Wewe ambaye bado unaamini na umebanwa hivyo: kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi au kazi kwa sababu ya imani yake, au kulazimishwa kutenda kinyume cha dini yake. Andika barua ubaki na nakala. Mimi nilienda kwa mdomo.)

Nikadhani yamekwisha. Ndipo rafiki yangu akanialika Dunga, ufukweni mwa ziwa, tule samaki. Akaletwa mumi, yaani kambare, mweusi, ngozi inateleza, ndevu zimelala ukingoni mwa sahani. Walawi 11 inaruhusu samaki mwenye mapezi na magamba, na mumi hana gamba hata moja. Kwa akili sikuwa na neno naye. Nilikuwa nimeshajigamba njiani kwamba mambo hayo niliyaacha. Nikamega ugali, nikachovya, nikatafuna. Koo likagoma. Nikaenda kutema nyuma ya kibanda huku rafiki yangu akicheka: "Kumbe umebaki Msabato wa tumbo!"

Nilipomsimulia dani, naye akasema kwamba hata kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka, hajawahi kumwonja. Nikamuuliza Biblia imemkataza wapi. "Si Biblia," akasema. "Wanawake wa Kiluo hatukuwa tukila kamongo, basi." Miaka yote hiyo nilikuwa nimeyatia yote kwenye kapu moja nikaliita kanisa: ya Biblia, ya ukoo, na ya mama ambaye hapendi tu kelele za redio. Nikajua kapu lile linahitaji kumwagwa chini na kuchambuliwa kimoja kimoja, kama bale, lile furushi la mitumba. Usilitupe lote kwa hasira, na usilibebe lote kwa woga.

Mumi nimemwacha. Sina sababu ya kugombana na koo langu kwa ajili ya samaki wakati ngege (tilapia) wamejaa sokoni. Zaka bado naitenga, sehemu ya kumi ya faida, ila inalipa karo ya mtoto wa dada yangu. Hiyo nimeigeuza mbele na nyuma nikaikubali mwenyewe.

Kilichonisumbua ni hofu. Binti yangu alikuwa na miaka minne. Kulikuwa na bale mpya, nikafungua kibanda Jumamosi kwa mara ya kwanza. Usiku ule mtoto akapanda joto. Tuko kwenye bodaboda, nimemkumbatia kifuani, na kichwani ni sauti moja tu: umeuza siku ya Sabato, haya, pokea. Kwenye zahanati daktari akamtoboa kidole, akapima, akasema malaria. Kisha akauliza, "Mtoto analala ndani ya neti?"

Neti ilikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi upande wa ukutani. Nilikuwa nimeliona wiki mbili kabla nikasema nitalishona. Huku kwetu kandokando ya ziwa, kila mzazi anajua tundu kama lile linaleta nini. Nami njia nzima nilikuwa natubu kuhusu bale.

Hofu uliyolishwa utotoni ina mbio. Hufika kabla akili haijavaa viatu. Sijafaulu kuifukuza na sikushauri upoteze muda kujaribu. Iache iseme, ikimaliza uulize swali la daktari yule: neti iko wapi? Usipouliza, kuna atakayekujibu kwa bei. Nimewaona wenzangu sokoni wakiliacha kanisa la wazazi kwa kulalamikia masharti, halafu biashara ikiyumba kidogo wanampelekea nabii hela ya "kupanda mbegu". Hofu ni ile ile ya zamani, imehamia mtaa mwingine tu.

Na wazazi je? Mimi sikumpelekea mama hoja. Nilimwambia mara moja, kwa heshima, kwamba siendi tena, nikanyamaza. Baba alipofariki na wazee wakataka mazishi yawe Jumamosi, nilisimama upande wa mama. Tukazika Alhamisi.

Mwezi uliopita alikuja kututembelea. Ilikuwa Ijumaa. Akakaa kwenye stuli akinitazama nikiwasha jiko mapema, nikipiga pasi gauni la mtoto, nikizima simu.

"Nyara," yaani binti yangu, "kesho unaenda kanisa gani?"

"Siendi, mama."

Akakaa kimya kitambo. Kisha akasogeza pazia, akachungulia nje.

"Jua limeshaingia," akasema. "Acha hivyo vyombo."

Nikaviacha. Binti yangu akauliza nani sasa ataviosha, na sisi wawili tukamjibu kwa pamoja: "Kesho jioni."